Msiba Ulipofika Majini

Jumatatu, tarehe 11 Machi 2024. Mvua ilianza kabla ya mapambazuko, ikakatika watu walipokuwa wanakunywa chai. Mawingu yalibaki yameinama juu ya ziwa, upepo haukuwepo kabisa, na maji ya ghuba ya Nyabulele, nje kidogo ya Igogo, yalikuwa na rangi ya majivu.

Luhende aliteremka mwambani amekumbatia beseni, akitanguliza mguu mzima na kuuburuta ule mbovu. Ndani ya beseni mlikuwa na pumba za mahindi zilizokandwa kwa mchuzi wa dagaa na magadi kidogo, kama marehemu mkewe alivyokuwa akikanda. Alifika kwenye jiwe bapa walilosimama baba yake na babu yake, akagonga ubavu wa beseni kwa kiganja, akaita.

Bibi alitokea. Zilianza pembe, kisha paji la uso, kisha nundu. Kutoka kichwani mpaka nyuma ya nundu alikuwa ng'ombe, ng'ombe mwekundu wa Kisukuma mwenye macho mapana. Kutoka hapo kwenda nyuma alikuwa kambare, mweusi, laini, mrefu kama mtumbwi. Hakuwa na miguu ya nyuma. Alipanda mwambani kwa kwato mbili za mbele huku mkia ukimsukuma, na asubuhi hiyo alipanda taratibu sana, akipumzika kila hatua kama mgonjwa anayepanda ngazi. Mbavu zake zilihesabika.

Kila ghuba ya upande ule ina mlinzi wake, au iliwahi kuwa naye. Wa ghuba jirani ana kichwa cha mbuzi, na watu wa Nyabulele humcheka chinichini. Bibi wao hawakumcheka. Mvua ikilifunga ziwa, wavuvi wasione taa wala kilima, Bibi huita, nao huifuata sauti yake mpaka nchi kavu. Siku hizi vijana wana simu zinazowaonyesha njia, lakini simu ikilowa hakuna anayeona haya kutega sikio.

Luhende alichota pumba kwa mikono miwili, akanyoosha. Bibi aliinusa mikono yake, akainusa tena, kisha akainua kichwa na kutazama nyuma ya mzee, kwenye njia inayoshuka kutoka nyumbani. Alitazama kwa muda mrefu. Hakula.

"Leo tena?" Victor aliuliza kutoka kwenye boti yake, alikokuwa anakung'uta nyavu. Victor alikuwa kijana wa Kijaluo aliyezaliwa Igogo, na mdomo wake haukujua kutulia.

"Leo tena."

"Mzee, labda Bibi amebatizwa. Si tuko Kwaresma? Anafunga."

"Kwaresma ina mwisho, Victor."

Victor alitaka kuongeza neno, akauona uso wa mzee, akaendelea na nyavu zake.

Luhende alikuwa mtunzaji wa Bibi kwa kurithi. Alizaliwa Usagara kwa mjomba wake, mbali na maji, akaletwa Nyabulele na baba yake akiwa amekwisha kuota ndevu, akaonyeshwa jiwe na kuambiwa hii ndiyo kazi ya ukoo wetu. Kwa mkate wa kila siku alikuwa fundi wa karabai, zile taa za mafuta ya taa ambazo wavuvi wa dagaa walizitumia kabla taa za betri hazijaenea. Alikaa kwenye kibanda chake Igogo, vidole vimejaa masizi, na hapo ndipo Adoyo alipomkuta.

Adoyo alikuwa ametoka kwao Rorya, mkoa wa Mara, kuja kuuza samaki wa kubanika kwa mjomba wake. Mjomba alimtuma na karabai iliyogoma.

"Ukiitengeneza vibaya," alimwambia Luhende, "mjomba atanirudisha hapa hapa."

"Ndiyo maana nitaitengeneza vibaya," Luhende alisema bila kuinua macho.

Adoyo aliirudisha mara mbili. Mara ya tatu alikuja bila taa.

Ukoo haukufurahi. Walisema Mjaluo atajuaje mambo ya Bibi. Waliendelea kusema hivyo mpaka Luhende alipoteleza kwenye mwamba uliolowa akavunjika mguu, na kwa kuwa hakuwa na ndugu wa kiume wa kuzaliwa naye, mkewe akalichukua beseni. "Mpaka mguu upone," wazee walisema. Bibi alikula mkononi mwake siku ile ile, na alipomaliza alikilamba kiganja mpaka kiwiko. Adoyo alicheka sana. Tangu hapo alimwita Dana, ambalo kwa lugha ya kwao ni bibi yangu, na kila asubuhi alimsimulia habari za mtaa kwa Kijaluo, nani kaoa, nani kafumaniwa, nani kanunua godoro jipya.

Mguu ulipona kiasi chake, kazi haikurudi. Siku za sherehe Luhende alivaa shuka jekundu la mtunzaji akasimama mbele, Adoyo akasimama nyuma yake na beseni. Hakuna aliyefichwa jambo. Kila mtu alijua ni mikono ya nani inayomlisha Bibi, na kila mtu aliita kazi hiyo kusaidia. Mtoto wao Winnie alikua akiona hivyo, naye hakuona ajabu.

Mwanzoni mwa mwaka Adoyo alianguka jikoni kwa shinikizo la damu, akafia hospitali.

Sasa, msiba katika nyumba ya mtunzaji una desturi zake Nyabulele. Bibi hakijui kifo. Anachokijua ni kuchelewa tu. Mtu asipokuja, yeye humsubiri, na atamsubiri mpaka aambiwe. Kwa hiyo mtunzaji akifa, nguo yake aliyoivaa mwisho hailowekwi. Huwekwa juu ya jiwe bila kufuliwa, Bibi anainusa, analia siku hiyo, na kesho yake anapokea chakula kwa mkono mwingine. Huko huitwa kumpa Bibi habari. Lakini akifa mtu mwingine wa nyumba hiyo, watu hulia kwa sauti ya chini, ndani, madirisha yamefungwa, ili Bibi asisikie akadhani ni mtunzaji aliyekufa.

Hivyo ndivyo Adoyo alivyozikwa. Dada yake Akinyi alifika kutoka Rorya na wanawake wa kwao. Huko kwao mfiwa huanza kupiga yowe tangu barabarani, akakimbia nalo mpaka mlangoni, akamwita marehemu kwa majina yake yote. Akinyi alikuwa ameshakaza kitenge kiunoni na kujaza pumzi, ndipo Mzee Ngosha, mkubwa wa ukoo, alipomshika mkono pale njiani.

"Dada, taratibu," alimwambia. "Bibi asisikie."

Akinyi alilia ameuma kitenge. Matanga yalipokwisha, yeye na wenzake walizifua nguo zote za marehemu ziwani kwa sabuni nyingi, wakagawana kama ilivyo kawaida, godoro wakampa jirani, wakaondoka. Hakumuaga Ngosha.

Luhende hakuona kosa lolote wakati ule. Alifuata alivyoona baba yake akifuata. Alianza kuona Bibi alipokataa chakula siku ya kwanza, halafu wiki nzima, halafu akawa anakula magugumaji machache ya ufukweni usiku, halafu hata hayo akayaacha. Akaenda kwa Ngosha.

"Shikamoo, kaka."

"Marahaba. Kaa. Mguu unasemaje?"

"Mguu upo. Kaka, nataka tumpe Bibi habari ya Adoyo."

Ngosha alimmiminia chai kwanza. "Habari hupewa ya mtunzaji. Na mtunzaji ni wewe, umekaa hapo unakunywa chai yangu."

"Ni mimi kwa jina. Aliyekuwa anamlisha unamjua."

"Nani asiyemjua? Alikusaidia. Mke wangu naye ananisaidia kulima, shamba halijawa lake."

"Shamba halinusi mkono wa mtu, kaka."

Ngosha aliweka birika chini. Alikuwa mtu mgumu, lakini hakuwa mbaya. Baba yake alikufa maji kwenye ghuba ambayo mlinzi wake alikuwa amekwisha kufa, na tangu utoto alikuwa na hofu moja tu duniani, kwamba siku moja na Nyabulele itabaki hivyo.

"Tukiweka nguo ya Adoyo pale jiweni," alisema mwishowe, "kwa Bibi mtunzaji amekufa. Wewe hatakupokea tena. Na mtoto wa kiume huna. Nani atashika beseni?"

"Winnie ana mikono."

"Winnie ni binti."

"Na mama yake alikuwa nani?"

Ngosha aliomba muda wa kuzungumza na wenzake. Wazee walizungumza, wakaahirisha, wakazungumza tena, na kila walipoahirisha Bibi alizidi kukonda. Walipokubali, Ngosha alikuja mwenyewe mpaka uani kwa Luhende. "Haya," alisema. "Tumekubali. Leta nguo."

Luhende alifungua sanduku la mkewe. Alitazama ndani, akaingiza mkono akapapasa pembe zote, kisha akakaa chini sakafuni. Hakukuwa na kitu. Kila alichokivaa Adoyo kilikuwa kimefuliwa na kwenda Rorya, na shuka la hospitali lilibaki hospitali. Winnie alimpigia simu mama yake mdogo.

"Nilivyopewa nimevifua na kuvivaa," Akinyi alisema. "Liko gauni moja nimeliweka tu, sijalivaa. Nitakuja nalo."

Ndiyo maana Jumatatu hiyo Luhende hakulimwaga beseni. Aliliacha kivulini juu ya mwamba, akasubiri.

Akinyi alishuka mchana kutoka kwenye basi la Musoma. Alikuwa na uso wa dada yake, isipokuwa kicheko. Ngosha alimsalimia, naye akaitikia kwa adabu bila kumtazama. Waliteremka pamoja, Ngosha mbele, Luhende, Winnie na Akinyi nyuma, na Victor akaacha boti yake akasogea, maana kila mvuvi pale alikuwa na hisa katika jambo hilo. Luhende hakuwa na shaka tena juu ya hali ilivyo. Bibi akishindwa kula leo au kesho, hataishi.

Gauni lilitandazwa juu ya jiwe. Lilikuwa la maua ya bluu, Adoyo alilipenda. Ngosha alitamka maneno ya kutoa habari, yale mafupi ya zamani. Bibi alijiburuta, akashusha pua, akalinusa gauni tangu kwenye ukosi mpaka kwenye pindo. Alilinusa kama anavyonusa gunia au kamba. Kisha akageuza kichwa.

"Linanuka sabuni," Winnie alisema. "Sabuni na sanduku la mama mdogo."

Akinyi alipiga hatua karibu, akaziona zile mbavu, na maneno yakamtoka kwa Kijaluo, kwa sauti ya kujisemea. "Dana, umekonda hivi?"

Masikio ya Bibi yalisimama. Aligeuka kwa nguvu ambayo hakuna aliyedhani bado anayo, kwato zikateleza, akapanda jiwe mpaka kifua chake kikamgusa Akinyi. Alimnusa mikono. Alimnusa shingo. Halafu akanyoosha kichwa juu ya bega lake, akaitazama njia ya nyumbani, akangoja.

Winnie aligeuka akaupa ziwa uso.

"Mama," Victor alimwambia Akinyi polepole, na mara hii hakuwa anatania. "Mlishe wewe. Ongea naye Kijaluo, usiache. Atadhani ni yeye."

"Nijifanye marehemu?"

"Sauti tu. Apate nguvu kwanza."

Akinyi alimtazama Luhende. Luhende alilisogeza beseni tu. Akinyi alichota pumba, akanyoosha mkono, akaongea. Bibi alichukua donge moja. Alilishika kinywani bila kulitafuna, macho yako njiani. Baada ya kitambo donge lilianguka lenyewe jiweni, likamomonyoka.

Akinyi alifuta mikono. "Basi. Anamsubiri dada yangu, na mimi simdanganyi zaidi ya hapo." Akamgeukia Luhende. "Shemeji, nikuulize. Mlimzika Adoyo kwa minong'ono. Mimi mwenyewe nilizuiwa mdomo njiani kama mwizi. Huyu angejuaje?"

"Ilikuwa desturi, dada," Ngosha alisema.

"Najua ilikuwa desturi. Hakuna aliyenitukana. Lakini mnatafuta nguo ya nini? Miaka yote huyu alisikia sauti. Mwambieni kwa sauti."

Ngosha aliangalia maji, akaangalia zile mbavu. Akavua kofia yake. Akasogea kando ya njia.

Akinyi alipanda mpaka barabarani. Walimwona akikaza kitenge kiunoni. Halafu yowe lilitoka, lile alilolimeza mwezi wa kwanza, akashuka nalo mbio mpaka mwambani, mikono juu, akienda huku na kurudi juu ya jiwe kama wanavyofanya kwao. Alimwita Adoyo binti wa Oyoo. Alimwita muuza samaki aliyetembea na kapu kichwani asikunje shingo. Alimwita mke wa watu wa ng'ombe, watu wanaokula kimya, ambao yeye aliwafundisha kucheka mezani. Alitaja vidole vyake vilivyopasuka kwa magadi. Alisema godoro lake limelaliwa na jirani, jiko lake limepoa, na kule Rorya mama yake kipofu bado anauliza Adoyo atakuja lini. Winnie naye akaanza, kwa Kiswahili, kwa neno moja tu, mama, mama.

Luhende alisimama ameshika beseni. Mtunzaji halii mbele ya Bibi. Hilo alifundishwa siku ya kwanza. Alilikaza beseni kifuani mpaka bati likapinda.

Bibi alikuwa ameacha kuitazama njia. Alimfuata Akinyi kwa macho, akienda, akirudi. Kisha alishusha kichwa taratibu, akafungua kinywa, na sauti ikatoka ambayo hakuna mvuvi aliyewahi kuisikia, si ile ya kuita mvua ikifunga. Ilikuwa ya chini, ndefu, ikipanda kutoka kwenye ile sehemu yake ya samaki. Boti zilizokuwa ng'ambo zilizima mashine. Akinyi alilia na Bibi akalia, na mara nyingine haikujulikana nani anamwitikia mwenzake.

Jua liliposhuka chini ya mawingu walikuwa wamechoka wote. Bibi aliweka kidevu chake juu ya gauni. Luhende alipiga goti kwa shida, akakanda pumba upya kwa mkono wake, akamwekea mdomoni. Bibi alikilamba kiganja, mara moja, kwa ulimi mkavu. Chakula hakukichukua.

"Kula, Bibi," Luhende alimwambia. "Sasa unajua. Hakuna wa kumsubiri. Kula."

Winnie alileta maji kwa viganja, akamlowesha pua. Akinyi alikaa chini, akampapasa katikati ya pembe, akamwita Dana. Pumzi zilikuwa zinakuja kwa mbali, halafu kwa mbali zaidi. Victor aliingia majini na nguo zake, akaukumbatia ule mkia mweusi ili mawimbi yasimvute kutoka jiweni. Alikuwa bado ameushika, Ngosha alipoweka mkono wake mbele ya pua za Bibi, akauacha hapo, kisha akautoa na kurudisha kofia kichwani.

"Tumechelewa," Ngosha alisema. Hakusema ni nani aliyechelewesha.

Wanaume walimfunika kwa tanga. Kabla ya kutawanyika Ngosha alieleza utaratibu, kwa kuwa lazima mtu aueleze: mlinzi wa ghuba huzamishwa kilindini, asubuhi, kimya, bila kilio, watu wasije wakawatisha wavuvi wa ghuba nyingine.

"Nimekusikia, kaka," Luhende alisema, akaondoka na mwanawe na shemeji yake.

Asubuhi yake Luhende alitoa nje viti vyote vya nyumba, na lile benchi la jikoni, akavipanga uwanjani vikitazama ziwa. Winnie aliwasha moto wa msiba. Akinyi alileta maji ya kunawa. Luhende alikaa kwenye kiti cha mbele, akanyoosha mguu wake mbovu, akaweka mikono yote miwili kichwani, akalia kwa sauti kuu, akimtaja Adoyo kwa jina, mpaka watu waliokuwa wanaanika dagaa kule chini wakaacha kazi na kuanza kupanda.